Kocha wa Barabara ya Magu

Sijui alizaliwa wapi, na sikuwahi kuuliza. Mtu akishakuita "shemeji wa kigoda" mbele ya watoto wako, siku ya kwanza kabisa, hamu ya kumdadisi ukoo inakwisha. Nilikuwa nimekaa mlangoni pangu Buswelu, kwenye kigoda kweli, nimeifungua redio ya mtu matumbo nje. Akapita mama mmoja mnene wa miguu myembamba, kajifunga kitenge juu ya suruali kuukuu ya mumewe. Akasimama, akaniangalia kama fundi anavyoangalia ukuta uliopinda.

"Mke wako ndiye yule anayepandisha dagaa toka Igombe kwa baiskeli?"

"Ndiye. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Namtaka."

Wengine huja kuazima jembe. Yeye alikuja kuazima mke.

Wote tulimwita Kocha. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, kazi yake kuunga nyuzi zinazokatika kwenye mashine. Soko huria lilipoingia na mitumba yake, kiwanda kikafungwa, yeye na mumewe wakarudishwa nyumbani siku moja. Wenzake walifungua magenge ya nyanya. Yeye akafungua timu ya baiskeli ya wanawake, akaazima nyumba ya shemeji yake isiyokwisha, ukuta kwa ukuta na yangu, akaifanya kambi. Alichokitaka ni kimoja tu, na alikisema kwa kila mtu aliyesimama karibu naye muda wa kutosha: kwenye mashindano ya mkoa, wanawake waende Magu na kurudi kama wanaume.

Mpaka wakati huo wanawake walikuwa na mbio zao, kama kuziita mbio si kuzionea mbio zenyewe. Walitoka Igoma hadi uwanjani mjini, safari ambayo muuza maziwa huimaliza kabla hajaamka vizuri. Ziliwekwa katikati ili watazamaji wasichoke wakati wanaume wako njiani. Mwanaume wa kwanza alipewa baiskeli mpya. Mwanamke wa kwanza alipewa sufuria. Na watu wazima, wenye familia, wenye mabinti, walipiga makofi!

Sasa nieleweke. Mimi ni mtu wa nyumbani kwa kipaji. Wengine walizaliwa na sauti ya kuimba, mimi nilizaliwa na makalio ya kukaa. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata daraja ambalo halina haja ya kuandikwa hapa, nikarudi nyumbani kuendelea kukaa. Kwa hiyo Mama Sabina wangu alipohamia kambini na godoro lake kichwani, sikuumia kwa upweke, niliumia kwa ugali. Jirani yetu Mzee Magesa alipita kila jioni kunichungulia nikisonga.

"Mama, leo mboga gani?"

"Shikamoo, mzee. Leo mboga ni ulimi."

"Ulimi wa ng'ombe?"

"Wa jirani."

Akacheka, nami nikacheka, lakini ndani nilikuwa nachemka kuliko sufuria. Maana miaka yote Mama Sabina alipokuwa akipanda vilima na gunia la dagaa kwenye keria, jasho likimtiririka hadi kwenye pedeli, Mzee Magesa huyo huyo alikuwa akimpisha njia na kumsifu: mke huyu, mke kweli. Gunia lilipotoka kwenye keria, sifa zikatoka nazo.

Kocha aliliona hilo kabla yangu. Siku moja alikuja mzee wa kanisa, mtu mpole, Biblia kwapani. Akasema waumini wanalalamika. Wanawake wanavaa suruali, wanainama juu ya baiskeli, wanakaa vibaya.

Kocha alikuwa anaziba pancha. Hakuinua kichwa.

"Mzee, huyu hapa unamfahamu?" Akamwonyesha Nyamizi, msichana mwembamba wa timu, mke wa mtu.

"Namfahamu. Ananiletea samaki."

"Anakuletea kwa njia gani? Kwa miguu?"

"Kwa baiskeli."

"Na akikuletea samaki anakaa vizuri?"

Mzee akatafuta jibu kwenye jalada la Biblia.

"Basi nimeelewa," Kocha akasema. "Nitawafungia kila mmoja samaki nyuma. Wakaage vizuri."

Na alifanya! Kesho yake wanawake sita walipita mbele ya kanisa, kila mmoja ana sato mbichi amefungwa kwenye keria kwa mpira. Walipita polepole, wote wakiamkia kwa heshima. Jioni waliwala wale sato. Mimi nililetewa kichwa.

Alikuwa na filimbi shingoni ambayo sikuwahi kuisikia ikilia. Alisema filimbi ni ya mtu asiye na sauti. Yake ilitoka kambini ikapita dirisha langu, ikawaamsha kuku, watoto, na mimi niliyekuwa nimejipangia kulala. "Wa mwisho atangulie!" Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Timu nyingine humweka mbele mwenye nguvu, awakatie wenzake upepo. Kocha alimweka mbele aliye dhaifu. Aliyeachwa jana ndiye anayeongoza leo, na wote wanakwenda kwa mwendo wake, mstari mmoja, marufuku kumpita. Mwenye nguvu akae nyuma ale vumbi na hasira zake.

Siku za mwanzo ilikuwa kichekesho. Kwenye kilima cha kwanza walipitwa na ng'ombe. Anayeongoza alikuwa Mama Sabina, kwa sababu ndiye aliyekuwa mzito. Ningesema ni mimi niliyemlisha hivyo, lakini majirani wangejua ni uongo. Jioni nilimwita ukutani nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Wenzako wanakutukana?"

"Hawatukani. Wananipumulia shingoni tu. Afadhali wangetukana."

Baada ya majuma mawili si yeye tena aliyeongoza. Alisogezwa nyuma, mwingine akaletwa mbele kupumuliwa. Niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwenye mchezo wowote: wenye nguvu walianza kuamka mapema kumsukuma dhaifu mlimani, kumkanda miguu, kumwachia yai lao. Si kwa upendo, msidanganyike. Walikuwa wamechoka kwenda polepole.

Haya, sasa Nyamizi. Mumewe alikuja kambini mchana mmoja, bwana mdogo wa maneno makubwa. Wote tulitoka kutazama, tukijua amekuja kumchukua mke. Kumbe!

"Mke akae tu," alisema. "Mimi nimefuata baiskeli yangu. Nimeinunua mimi."

Nawaambia nilisikia damu ikinipanda hadi masikioni, na mimi si mtu wa damu kupanda. Mke akae, baiskeli irudi!

Kocha akamkaribisha maji. "Ni haki yako, baba. Mali ya mtu ni ya mtu. Nyamizi, ilete." Ikaletwa. "Sasa tusidhulumiane. Cheni hii alinunua nani?"

"Cheni ya kwanza ilikatika," mume akasema.

"Nimekuuliza hii."

"Yeye."

Kocha akaitoa cheni. "Tairi?" Tairi alinunua Nyamizi, kwa samaki. Zikatoka. "Siti?" Ikatoka. "Pedeli?" Pedeli moja ilikuwa ya mume, hiyo ikabaki. Kila kilichotoka kilipangwa vizuri juu ya gunia, bila ugomvi, kama sokoni. Mwisho bwana yule alipanda kilima cha Buswelu na fremu begani, pedeli moja inamgonga mgongoni, watoto nyuma yake. Fremu ilirudi kesho yake alfajiri. Iliegemezwa ukutani na mtu ambaye hakutaka kuonekana.

Mngedhani basi mtu huyu nyumbani kwake ni simba. Niliwahi kutumwa kwake kupeleka redio. Nilimkuta amepiga magoti, anamnawisha mumewe mikono, kichwa kainamisha, "karibu baba, nawa baba." Mumewe alikuwa mtu kimya, tangu kiwanda kifungwe aliongea kwa kukohoa tu. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Kocha aliponisindikiza hadi mlangoni, "Mama, kambini unawafundisha kusimama, hapa unapiga magoti?"

Akanitazama. "Shemeji, mimi nikipiga magoti nimepiga mwenyewe. Nikitaka, nasimama. Umeniona nikizuiliwa kusimama?"

Bado haikunipendeza. Na si hilo tu lililoniudhi. Sifa alizitoa kama sukari ya mgawo. Nyamizi aliwahi kuendesha na homa, midomo imekauka, na Kocha alimwambia tu, "Umechelewa kubadilisha mstari kule kwenye kona." Mama Sabina alilia usiku ule, mimi nikavuka ukuta kwenda kugomba. Nilirudi nimekabidhiwa tochi niwamulikie wakipaka grisi. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye timu.

Majuma mawili kabla ya mashindano alikwenda ofisini kwa katibu wa kamati, akanichukua nami kwa sababu, alisema, mwanaume akikaa ndani ya chumba mwanaume mwenzake hujibu haraka. Nilivaa shati la pasi. Kazi yangu ilikuwa kukaa, nami kwa kukaa simwogopi mtu.

Katibu alikuwa na fulana ya kampuni ya vinywaji iliyodhamini mashindano. Miaka hiyo kila kampuni ilikuwa imegundua fulana. Akatuagizia soda.

"Mama, sisi tunawaonea akina mama huruma sana. Magu ni mbali. Kuna malori, kuna jua. Mwili wa mwanamke una mambo yake."

"Huruma haisukumi pedeli," Kocha akasema. "Niandikie timu yangu."

"Tumewaongezea zawadi mwaka huu. Sufuria ni seti nzima, na mifuniko."

Kocha akanigeukia. "Shemeji, una haja ya mifuniko?"

"Mifuniko ninayo," nikasema. Ndiyo mchango wangu pekee katika mazungumzo yale.

Katibu akasema utaratibu ni utaratibu, labda mwakani. Tukatoka. Soda yake Kocha hakuigusa. Nilirudi kuinywa mimi, kwa sababu hasira ni yake lakini soda ilikuwa yetu sote.

Siku ya mashindano wanawake wetu sita walikuwepo mstarini nyuma ya wanaume, juu ya baiskeli zao za Kichina nzito kama milango. Hawakuwa na namba migongoni. Kocha alikuwa amewashonea fulana za khanga moja iliyokatwa vipande. Wakubwa wa kamati waliwaona. Mmoja akasema, "Waacheni, watachokea Igoma." Wakacheka, bendera ikashushwa, wakaondoka wote.

Sisi tulikaa uwanjani kusubiri, mimi na Kocha na watoto wangu. Mbio fupi za akina mama zikafanyika, yakagawiwa masufuria. Jua likawaka, jukwaani wakubwa wakala pilau. Kocha hakula. Alisimama pembeni ya mstari wa mwisho, mikono nyuma. Kwa mara ya kwanza nikajua anaogopa.

Wanaume wa kwanza wakaingia. Mtangazaji alikuwa na kipaza sauti, na kila anayevuka alimtaja jina na kwao, hata wale waliofika wamekata tamaa: "Huyooo, kijana wa Sengerema! Huyooo, simba wa Misungwi!" Walipita wengi. Halafu, katikati ya wanaume, tukaona rangi ya khanga.

Walikuja mstari mmoja, wote sita. Mbele alikuwa Nyamizi. Alikuwa ameanguka darajani, goti linavuja damu hadi kwenye soksi, kwa hiyo ndiye aliyekuwa dhaifu siku ile na ndiye aliyeongoza. Hakuna aliyempita. Nyuma yao, mbali nyuma, kulikuwa bado na kundi zima la wanaume. Watu wakaanza kupiga kelele. Mimi nilipiga kelele, mimi!

Mtangazaji akawaona. Akasema, "Na sasa, mabibi na mabwana, tuburudike kidogo na muziki." Wakavuka mstari katikati ya gitaa. Hawakutajwa. Muziki ukazimwa, na mwanaume aliyefuata nyuma yao alipokaribia, kipaza sauti kikafufuka: "Huyooo, kijana wa—"

Hakumaliza. Kocha alikuwa amevua kitenge chake, amebaki na ile suruali ya mumewe, ananitupia pindo moja.

"Shika. Vuka upande ule. Vuta."

Nilivuka. Sijui miguu ilitoka wapi. Tukakivuta kitenge kukatiza njia nzima, yeye huku mimi kule, na yule kijana akafunga breki, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena, baiskeli zikapandana, matusi yakaanza.

"Hapiti mtu hapa," Kocha akasema, "mpaka hawa watajwe."

Katibu akaja mbio na fulana yake. "Mama, unaharibu mashindano!"

"Wametoka Magu."

"Hawakuandikishwa!"

"Wametoka Magu!"

Wanaume waliozuiwa walikuwa wanazidi kurundikana. Kijana mmoja wa mbele, ulimi nje, akaita, "Jamani watajeni, mimi nina kiu! Walinipita darajani Simiyu, nimewaona kwa macho yangu!" Umati ukashika hilo neno. Watajeni, watajeni.

Mtangazaji akamwangalia katibu, katibu akaangalia wadhamini, wadhamini wakaangalia pilau. Kipaza sauti kikakohoa. "Na hawa ni akina mama, wasindikizaji wetu. Makofi tafadhali."

Wasindikizaji! Watu walioacha nusu ya mbio nyuma yao! Naandika haya miaka imepita na kalamu bado inataka kutoboa karatasi.

Kocha hakulegeza kitenge. "Majina," akasema.

"Siyajui, mama."

"Mimi nayajua."

Akayasema yeye, bila kipaza sauti, kwa ile sauti iliyokuwa ikiwaamsha kuku wangu. Jina moja, anasubiri uwanja unyamaze, jina jingine. Hakusema mama fulani wala mke wa fulani. Alipofika kwa mke wangu alisema jina alilobatizwa nalo, na nilichukua muda kidogo kujua anayetajwa ni nani. Alipomaliza la sita alilegeza pindo lake, wanaume wakapita, na yule mwenye kiu akapewa maji na Nyamizi.

Kisha ikawaje? Ikawa kamati ilitoa tangazo: kuanzia mwaka ule, asiyeandikishwa akionekana barabarani atakamatwa. Shemeji yake Kocha akaambiwa nyumba ile ingemfaa zaidi akimpangisha mfanyabiashara, akampangisha. Wanawake wakarudi kwenye dagaa na maziwa, magunia kwenye keria, na Mzee Magesa akarudi kuwasifu. Sikusikia mtu akiomba radhi. Nilisikia tu wakisema yule mama alikuwa mkorofi.

Miaka ikapita. Sabina, binti yangu, aliyekuwa akipeleka maji kambini, akawa msichana wa miguu mirefu anayeendesha baiskeli kama vile anadaiwa na barabara. Asubuhi moja gari la matangazo likapita Buswelu likipiga kelele: kwa mara ya kwanza katika historia ya mkoa wetu, akina mama nao watashiriki mbio ndefu! Kwa mara ya kwanza! Nilikiacha kigoda nikaenda kumtafuta Kocha.

Alikuwa Igoma, kwenye ghala la mchele, anashona magunia. Amekonda, mumewe amefariki, kucha zimejaa nyuzi za katani. Hakuniuliza habari.

"Umetoka nje mwenyewe, au nyumba inaungua?"

"Shikamoo, mama. Umesikia wanavyosema? Mara ya kwanza! Wamewafuta! Kama vile wale sita walikuwa kivuli!" Nilikuwa natoa povu. Nilitarajia naye apande. Nilitaka tuchukie wote wawili, na nilitembea mbali kwa ajili hiyo.

Akavuta uzi. "Watu wa historia waache na historia yao. Sabina anaingia?"

"Ameandikisha jina. Amepewa na namba."

"Vizuri. Wanaenda wapi?"

"Wanaume Magu."

"Nimeuliza wanawake."

Nikajikuna shingo. "Kisesa. Wanafika Kisesa, wanarudi."

Sindano ikasimama. "Kisesa? Kisesa si hapo tu, mtu anaenda kusaga mahindi anarudi kwa miguu? Hiyo ndiyo mbio ndefu?"

"Mama, mimi nadhani tushukuru. Ni mwanzo. Nusu ni bora kuliko kukosa. Na yule ni mtoto wangu, barabara ile ina malori, wamesema atakayevunja utaratibu anaondolewa. Mwache apate hiki kidogo."

Aliniangalia, si kwa ukali. Ukali nilikuwa nimeuzoea. Aliniangalia kama alivyomwangalia Nyamizi siku ile ya homa.

"Anaweza kufika Magu?"

"Anaweza," nikasema. Ilinibidi niseme. "Anaweza kuliko ninavyoweza kueleza."

"Yeye anataka kufika wapi?"

Nilijua. Sabina alikuwa ameshaniambia, jikoni, nami nikamwambia asinisumbue.

Kocha akakata uzi kwa meno, akaliweka gunia kando, akavuta jingine.

"Basi mwambie hivi. Wakifika Kisesa, wenzake wakigeuka, yeye asigeuke. Na umwambie kama nilivyosema."

Nilirudi Buswelu kwa miguu, nikiwa na njia nzima ya kutafuta maneno laini zaidi. Nilimkuta Sabina anakaza spoku. Nikamfikishia yale yale, bila kumpunguzia hata kilomita moja.